Hatua Kumi na Moja, Kisha Anasimama

Nyamira
Ijumaa, 5 Septemba 2025

Mjukuu wangu Marion,

Kwa heshima na taadhima naitangazia serikali ya kaunti, kanisa, ukoo mzima na yeyote mwingine anayehusika, kwamba siku ya Jumanne, saa moja na dakika kumi asubuhi, mimi Abner Onsongo, mwenye umri wa miaka sabini na minne, niliinama kuokota kifungo cha shati na nikainuka tena bila kushikwa mkono na mtu. Shahidi alikuwa jogoo peke yake. Kifungo chenyewe hakikuwa changu.

Natangaza hili kwa sababu barua yako aliyoniletea mwalimu Haron inauliza mtu wa umri wangu huinama mara ngapi kwa siku. Jibu ndilo hilo: mara moja, tena kwa tangazo.

Kazi yako nimeikubali. Unasema chuo kinataka kujua kwa nini wachunaji wa majani chai wanaumwa migongo, mabega na magoti, na kwamba zamu za hospitali hazikupi nafasi ya kuja kukaa huku mwezi mzima. Unataka mtu wa kutazama: nani anainama vipi, anabebea upande gani, anapumzika baada ya hatua ngapi. Mtu huyo umempata. Nilisimamia mashine ya kusaga unga soko la Mosocho miaka ishirini na sita. Mashine ilinipa mshahara na yenyewe ikachukua masikio. Watu wengine husikia mgeni akija. Mimi humsoma miguu. Mtu akiwa bado kule kwenye kona, uso haujaonekana, nimeshamjua kwa jinsi anavyotupa nyonga. Sura zina pacha. Mwendo hauna. Sijawahi kukosea.

Na elimu ninayo. Kulikuwa na mama pale Mosocho aliyekuwa akichana kurasa za kitabu cha mifupa kufungia njugu. Nilimwomba kilichobaki. Kinaanzia shingoni na kuishia kiunoni, kwa hiyo kuhusu mambo ya chini ya hapo nitasema kwa tahadhari; sehemu hiyo ya elimu yangu ililiwa na wateja.

Usinipigie simu. Nasikia nyuki ndani ya debe, basi. Andika. Haron huenda huko Nyanchwa kwa kwaya kila Sabato na kurudi Jumapili. Na uandike Kiswahili, maana Ekegusii chako kilibaki Nakuru kwa mama yako.

Babu yako,
Abner Onsongo


Nyanchwa, Kisii
Jumapili, 7 Septemba 2025

Babu mpendwa,

Bwakire buya mono. Umeona? Hakikubaki chote Nakuru.

Hongera kwa kifungo. Nimeisoma barua yako kwa sauti, na Lavender ninayeishi naye chumba kimoja amecheka mpaka akadondosha chapati.

Natuma fomu kumi, moja kwa kila mchunaji. Majina usiandike, andika namba. Na tafadhali omba ruhusa kwanza. Ukijificha kwenye migomba ukawatazama watu, msimamizi wangu atanifukuza chuoni na wewe utaitwa kwa chifu. Hesabu mtu anainama mara ngapi kwa dakika kumi, bega gani liko chini, na kikapu kikishajaa anakwenda hatua ngapi kabla hajasimama. Kipimapembe kiko ndani ya bahasha. Kishike mbele ya jicho kama nilivyochora. Usimguse mtu.

Natakiwa kuitetea kazi hii mbele ya walimu mwishoni mwa Novemba. Rasimu ya kwanza walinirudishia wakasema ni mawazo ya mtu aliyekaa kitini. Kweli, nilikuwa nimekaa kitini.

Na nikuambie kwa nini nilichagua mada hii. Namkumbuka Nyanya akishuka ule mteremko amepinda upande mmoja, kama mti uliokulia kwenye upepo. Nilikuwa darasa la tatu. Nilidhani amezaliwa hivyo. Amekufa, na hakuna mahali popote palipoandikwa ni kwa nini alitembea vile.

Wako,
Marion


Nyamira
Ijumaa, 19 Septemba 2025

Mjukuu wangu,

Ruhusa niliomba. Nilisimama kwenye kituo cha kupimia majani nikawaeleza kwamba Marion wa Roselyne anasomea viungo na anataka kujua wanavyoumia. Wakacheka, wakakubali, kisha wote wakaanza kutembea kama polisi siku ya gwaride. Shingo juu, mgongo wima. Namba Mbili alitembea hivyo mpaka akateleza na kukaa kwenye matope. Ikanibidi nirudi kwenye migomba. Mwambie msimamizi wako kwamba watu walitoa ruhusa, lakini miili yao ilikuwa haijaarifiwa.

Namba Moja huinama kutoka kiunoni, magoti yamekaza kama nguzo za ua. Mara arobaini na moja kwa dakika kumi. Namba Tatu hubebea bega la kulia peke yake kwa sababu la kushoto lilianguka naye kwenye boda boda. Aliniambia haumwi popote. Alikuwa ameshikilia mti wakati anasema. Namba Tano huchuna kwa mkono mmoja, wa pili uko kwenye simu, na kidole gumba kinamuuma. Anadhani ni chai. Wengine utawaona kwenye fomu.

Fomu zenyewe ni tisa. Ya kumi ni tupu. Mchunaji wa kumi ni Bitutu, mke wa mjomba wako Bosire, na kwa kuwa umekulia Nakuru nakueleza. Kati ya mzee na mke wa mwanawe kuna chinsoni. Ni heshima iliyojengewa ukuta. Siingii nyumba yake. Hanipi mkono. Hatukai benchi moja. Na simtazami akiwa ameinama kazini, hata chuo kizima kikipiga magoti. Akipita, mimi hutazama ndizi. Nazijua ndizi zangu zote, Marion, moja moja. Wewe ni mjukuu, kwetu mjukuu na babu wanataniana bila mpaka, ndiyo sababu hata haya nakwambia.

Sasa kuna jambo jingine, na si la fomu.

Jana asubuhi ukungu ulikuwa mzito, ule wa kulowesha nyusi. Nilikuwa kwenye migomba. Mtu akashuka mstari wa shamba la chini, amejifunika nailoni kichwani, kikapu mgongoni. Bitutu huchuna shamba la juu, tena hutembea haraka kama anafukuza kuku, kwa hiyo hakuwa yeye. Huyu alikwenda hatua kumi na moja, akasimama. Mkono wa kushoto kiunoni, vidole vikitazama chini. Bega la kushoto juu, mwili umelalia kulia, nyonga ya kushoto inatoka nje na kurudi. Akavuta pumzi. Kisha hatua kumi na moja tena.

Huo ni mwendo wa nyanya yako. Nimeutazama miaka kumi na minane ya mwisho. Na Nyakerario tulimzika Machi 2022, hatua thelathini kutoka kitanda changu. Udongo nilirusha mwenyewe.

Usimwambie mama yako Roselyne. Ataniletea watu wa maombi, basi zima.

Babu yako,
Abner


Nyanchwa
Jumapili, 21 Septemba 2025

Babu,

Nimeisoma ile sehemu ya mwisho mara tatu. Lavender sikumsomea.

Sisemi umeona vibaya. Nauliza tu. Miwani ulipimwa mwaka gani? Unalala? Unakula jioni au unakunywa chai na kusema umekula? Mtu akiishi na mwenzake muda mrefu, macho huendelea kumtafuta hata baada ya mazishi. Nimeona wagonjwa wa hivyo wodini, na si wendawazimu.

Lakini wewe ni mtazamaji, basi nitakuuliza kama mtazamaji. Ulisema miaka kumi na minane ya mwisho. Ninyi mlioana miaka arobaini na tano. Kabla ya hiyo kumi na minane Nyanya alikuwa akitembeaje?

Ukimwona tena, hesabu. Ukihesabu hofu itapungua. Mimi hufanya hivyo nikiwa na mgonjwa anayelia.

Wako,
Marion


Nyamira
Ijumaa, 3 Oktoba 2025

Marion,

Miwani ni ya 2021. Nakula. Kulala, siyo sana.

Nimemwona mara nne. Kila mara ni kumi na moja. Nilihesabu kwa punje za mahindi, nikizihamisha mfuko hadi mfuko, nisije nikajidanganya. Ulisema nikihesabu hofu itapungua. Dawa hiyo itafutie wagonjwa wengine. Nikihesabu, ndipo nazidi kujua ni yeye.

Nilimwendea mzee wa kanisa, Angwenyi, nikamuuliza kama mtu wa kawaida anayeuliza habari za mvua. Akanikumbusha kwamba wafu wamelala, hawajui lolote mpaka siku ile. Nikamuuliza kama wanaweza kuchuna chai wakiwa wamelala. Akaniandikia kwenye kikaratasi, kwa herufi kubwa: ABNER, NENDA NYUMBANI.

Mara ya nne nilimwita. Nilisema tu, "Nyakerario." Alikuwa kwenye hatua ya saba. Akasimama, Marion. Kwenye ya saba! Hakugeuka. Alikaa pale kiasi cha mtu kunywa kikombe cha maji, kisha akaenda zake. Kama alijibu, unajua masikio yangu.

Uliuliza kabla ya hapo alitembeaje. Alitembea kama mtu aliyeitwa mbele siku ya zawadi. Nilimwona mara ya kwanza akivuka uwanja wa shule Nyamarambe, na nikasema moyoni, yule anakwenda kuchukua kitu chake. Lini alianza kupinda, sijui. Unaona ninavyojisifu kwamba nasoma miguu ya watu, na ya mke wangu sijui ilipinda lini.

Nikwambie na hili. Jioni moja 2019 alikaa kwenye kigoda anausugua mguu wa kushoto, akaongea kwa muda. Nilikuwa naona midomo. Nikaitikia kwa kichwa, ndivyo ninavyowafanyia watu wote ili wasichoke na mimi. Alipomaliza nilijua ananingoja. Nikasema, "Ni umri." Akanitazama, akachukua sufuria, akatoka. Miaka mitatu baadaye mguu huo ulimwacha kwenye mteremko, kikapu kimejaa. Nyonga ikavunjika. Hospitalini alikaa siku kumi na mbili, akashikwa na kifua, akaisha.

Nadhani amerudi kuyasema tena yale maneno. Na mimi bado sisikii.

Wewe unacho kitabu kizima. Kuna mahali pameandikwa kama mwendo unaweza kubaki baada ya mwenyewe kuondoka? Nusu yangu haina.

Abner


Nyamira
Ijumaa, 10 Oktoba 2025

Kwa Marion,

Barua yako ya siri nimepata kwa Haron. Umeuliza kama Mzee yuko sawa. Anakula, anaoga, akili iko. Lakini asubuhi anasimama kwa migomba na ameanza kulia. Nimeona mara mbili. Hajui nimeona, na wewe usimwambie.

Marion, yule anaona ni mimi.

Shamba ya juu iliharibiwa na mvua ya mawe mwezi wa nane, kwa hivyo siku hizi naanzia chini. Nikipita hapo kwa migomba najua yuko, na mimi ni mkaza mwana, nimefunga sketi juu na nailoni kichwani, si vizuri baba mkwe anione hivyo. Kwa hivyo siangalii upande yake na siongei. Na yeye akijua ni mimi hangeangalia. Tumekuwa tukikosana hivyo, kila mtu na heshima yake.

Ile siku aliita jina ya mama, nilisimama. Sikujua nifanye nini. Jina ya marehemu imeitwa, hakuna mtu wa kuitikia, nikaona ni vibaya iachwe tu hapo kwa ukungu. Nikasema "ee" polepole. Nikakumbuka hasikii. Nikaenda.

Umeuliza natembea aje. Vibaya. Mgongo ilianza mwezi wa nane, sasa iko kwa mguu ya kushoto, inashuka kama maji ya moto halafu nyayo inakufa ganzi. Nikiwa na mzigo nahesabu mpaka kumi na moja, siwezi kumi na mbili. Bosire yuko Mombasa kwa kazi, sijamwambia.

Kitu ingine. Kikapu yangu iliisha, nikachukua ya mama, ile ilikuwa inaning'inia jikoni kwake. Iko na nguvu sana. Sikuomba Mzee ruhusa. Nitaomba vipi? Tafadhali hiyo pia usiseme.

Anti yako,
Bitutu


Nyanchwa
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Anti Bitutu,

Asante kwa kuniambia. Na asante kwa ile "ee".

Simama pekupeku, inua kidole gumba cha mguu wa kushoto. Kikikataa kuinuka, au ukishindwa kuzuia mkojo, usingoje barua wala usingoje Bosire, njoo hospitali siku hiyohiyo.

Na kabla hujabeba tena kile kikapu, kitundike kwenye msumari na uipime mikanda yake, wa kulia na wa kushoto, kutoka ulipofungwa juu hadi ulipofungwa chini. Nimetuma tepu ya fundi cherehani. Niandikie namba mbili tu.

Kama kuna kikapu kingine popote, tumia hicho.

Marion


Nyamira
Ijumaa, 17 Oktoba 2025

Marion,

Kidole inainuka, lakini inachelewa.

Kulia 31. Kushoto 28.

Ule ya kushoto si kama mwingine. Ni mpira nyeusi, nene, ndani iko na kitambaa, na imepigwa ribiti sita kila upande. Nimejaribu kulegeza na kisu, kisu imepinda. Fundi simjui, lakini alifanya kazi ya nguvu. Mama alikuwa anasema hii mkanda itamzidi miaka.

Kikapu ingine sina. Nitaendelea na hii, majani yakizeeka kwa shamba hawachukui.

Bitutu


Nyanchwa
Jumapili, 19 Oktoba 2025

Babu mpendwa,

Ninatoa siri niliyopewa niitunze. Kaa kitini kwanza.

Unayemwona ni Anti Bitutu.

Shamba la juu lilipigwa na mawe, anaanzia chini. Amejifunika nailoni, na wewe kwa heshima yako hukuwahi kumtazama kutosha kujua kwamba mwendo wake umebadilika. Macho yako ni mazima, na akili pia. Hukukosea mwendo hata kidogo. Ni ule ule.

Anabeba kikapu cha Nyanya. Alikichukua jikoni bila kukuomba, na hakukuomba kwa sababu ile ile unayotazamia ndizi. Msamehe. Mkanda wa kushoto wa kikapu hicho ni mfupi kuliko wa kulia kwa inchi tatu. Fikiria, Babu. Mzigo unaning'inia kwenye bega moja. Bega linapanda kuushikilia, mwili unalala upande wa pili usianguke, nyonga inasukumwa nje, na pingili za chini za mgongo zinabanwa upande mmoja siku nzima, kila siku. Mpe mtu yeyote kikapu hicho miezi mitatu, atatembea kama Nyanya. Mpe miaka kumi na minane, atakuwa Nyanya.

Nilikuwa nimepanga kukueleza kwa upole lakini nina hasira. Mkanda huo umepigwa ribiti na fundi fulani aliyetumia kipande cha mpira kilichopelea. Angepima mara moja tu! Mara moja! Simjui, lakini ningempata ningempa ile fomu ya kumi aijaze mwenyewe, akianza na siku kumi na mbili za Nyanya hospitalini.

Anti mguu wa kushoto unakufa ganzi. Kidole kinachelewa kuinuka. Babu, akiendelea hivi ataanguka mteremko ule ule. Tafuta mtu aukate mkanda wa kikapu hicho, leo, si kesho.

Hakuna aliyerudi. Ni kikapu. Sijui kama hilo linakufariji.

Marion


Nyamira
Ijumaa, 7 Novemba 2025

Mjukuu wangu,

Fundi unamjua. Ndiye anayekuandikia.

Ilikuwa 2004. Mkanda wa kikapu chake ulikatika Jumatatu, na Jumatano pale Mosocho tulibadilisha mkanda wa mashine. Niliomba kipande cha ule wa zamani. Kilipelea. Nilikiona kimepelea, sikuhitaji tepu. Nikasema kitavutika. Mkanda wa mashine ya kusaga, Marion, umetengenezwa usivutike. Ukivutika, mashine inanguruma bure na unga hautoki. Hilo nilikuwa nalijua kuliko jina la mchungaji wangu. Lakini giza lilikuwa linakaribia, ribiti zilikuwa tayari, na yeye alikuwa amefurahi. Alizunguka nacho kituo kizima akiwaonyesha: mume wangu amenifungia kwa mkanda wa mashine, huu utanizidi miaka. Umemzidi.

Kwa hiyo ile jioni kwenye kigoda nadhani sasa najua alichokuwa akisema. Au nadhani tu. Huenda aliomba niurefushe mkanda. Huenda alikuwa anazungumzia kuku.

Wewe uliandika leo, si kesho. Barua ilinifikia Jumapili jioni. Vyombo vyangu viko chini ya kitanda: patasi, nyundo, msumeno mdogo. Ingenichukua nusu saa.

Jumatatu nilikwenda kwenye migomba. Akashuka. Kumi na moja. Nilijua ni nani, na nilijua mzigo unamfanya nini, na nilitazama. Jumanne nikaenda tena, Jumatano pia. Nilikuwa najiambia ni mara ya mwisho. Ukikata mkanda ule, mwendo unakwisha, na mimi ndio uliokuwa umenibakia. Picha zake zote amekaa. Mwezi wote ule niliomtazama bila kujua ni mke wa mwanangu, sikuvunja chinsoni. Zile asubuhi tatu niliivunja, na ya nne ikafuata.

Alhamisi alifika hatua ya nane, akapiga magoti. Si kwa kusali. Alijaribu kuinuka kwa kushika michai, na mguu wa kushoto ukabaki nyuma kama si wake. Nilikuwa mbali naye kiasi cha kumrushia chungwa. Sikuruhusiwa kumshika, na sikumshika. Hilo pia utaliandika popote linapoandikwa. Nilipiga kelele. Mimi sisikii sauti yangu lakini naambiwa ilifika kanisani. Namba Moja na Namba Tano walikuja wakambeba, na nimeona kwamba Namba Tano anaweza kutumia mikono miwili.

Unajua yaliyobaki kwa sababu ulikuwa naye hospitalini kabla yangu. Haron aliniandikia maneno ya daktari: mshipa umebanwa, haujakatika, apumzike wiki mbili. Bosire alikuja kutoka Mombasa.

Kikapu kilibaki kwenye mstari. Nilikibeba mwenyewe hadi nyumbani, mgongoni, mikanda yote miwili, kikiwa na majani yake. Kutoka shamba la chini hadi mlangoni. Nilisimama mara tano. Siku hiyo hiyo nikakata. Ribiti kumi na mbili, na kila moja ilikuwa imekaa vizuri. Kama si urefu, ilikuwa kazi nzuri. Nimeweka mikanda miwili mipya ya turubai, nimeipima mara tatu, nikampa Haron aipime ya nne. Bitutu alipotoka hospitali, nikakitundika nje ya mlango wake, kwenye msumari, nikaondoka. Asubuhi yake nilikuta kifungo cha shati langu nilichokuwa nimekipoteza kimewekwa juu ya jiwe langu la kukalia, kimeoshwa. Kile nilichookota Septemba kilikuwa cha kwake. Nimekifunga uzi nikakirudisha kwenye msumari wake.

Daktari amemruhusu nusu kikapu, kuanzia jana. Ukungu ulikuwepo. Nilikuwa kwenye migomba, kwa mara ya mwisho, na safari hii ni kweli maana baadaye nimeikata ile migomba iliyokuwa inanificha. Mtu akashuka mstari wa chini, polepole. Nikahesabu. Kumi na moja, hakusimama. Kumi na mbili. Alifika ishirini na mbili, akahamisha mkono, akaendelea. Bega la kushoto na la kulia yalikuwa sawa, au karibu sawa.

Sikumjua, Marion. Nilimtazama mtu akipita kwenye shamba langu na sikumjua ni nani.

Kisha nikageukia ndizi, ambazo sasa ni chache.

Fomu ya kumi nimeijaza kama ulivyotaka. Mwanamume, miaka 74. Huinama: mara moja. Upande unaouma: haujulikani, kitabu kinaishia kiunoni.

Babu yako,
Abner Onsongo

Nimesahau. Kabla sijautupa ule mkanda niliupima juu ya meza, kando ya ule wa kulia. Zile inchi za Bitutu zilikuwa za kikapu kikiwa kimening'inia. Rekebisha karatasi yako: si tatu. Ni tatu na robo.